Kiti kimoja, wajukuu 26: Mzee akiondoka, kanisa linabaki kwa nani?



Leo naomba tuongee jambo ambalo wengi tunalijua ila tunalisemea pembeni, kwenye foleni ya daladala au baada ya ibada watu wakishatawanyika. Ni hili la nani anashika kanisa mzee akiondoka. Aidha amefariki, amezeeka, amestaafu au ameondolewa.

Nianze na niliyoyaona kwa macho yangu. Kanisa nililokulia lilianzishwa na mchungaji mmoja chini ya mwembe, baadaye likapata banda la mabati, baadaye tofali. Sisi tulibeba hizo tofali tukiwa watoto. Mzee akafariki. Msiba ulikuwa mzuri tu, watu walilia, kwaya iliimba. Jumapili ya tatu baada ya mazishi tumefika asubuhi tunakuta mlango una kufuli mbili. Moja ya mchungaji msaidizi, nyingine ya mtoto mkubwa wa marehemu. Tukasimama juani na Biblia zetu mpaka saa sita. Mwisho wa kasheshe ile, kundi moja likaondoka na kinanda, lingine likabaki na spika. Kwa hiyo mtaa mmoja ukawa na kwaya mbili, moja ina kinanda hakisikiki, nyingine ina spika hazina cha kupiga. Tulicheka, lakini wapo mama zetu mpaka leo hawasalimiani sokoni kwa sababu ya siku ile.

Tangu hapo nimekuwa najiuliza: hivi tatizo ni tamaa za watu tu, kama tunavyopenda kusema, au kuna kitu kingine? Nimesoma kidogo kuhusu makanisa ya wenzetu, na jibu langu ni kwamba tamaa ipo kila mahali, hata pale ambako hawagombani. Kinachotofautisha ni kama mambo yalipangwa mzee akiwa hai au yaliachwa yajiendee. Hebu tuangalie mifano.

KISA CHA CONGO: KIMBANGU NA WAJUKUU WAKE

Mfano ambao kila mkristo wa Afrika angepaswa kuujua ni wa kanisa la Simon Kimbangu huko Congo. Kwa wasiomjua, Kimbangu alikuwa katekista wa Wabaptisti, mtu wa kijiji cha Nkamba, huko Congo ya chini upande wa magharibi. Tarehe 6 Aprili 1921 inasemekana alimponya mama mmoja mgonjwa, na kuanzia hapo watu wakafurika Nkamba kutoka kila upande. Wengine waliacha kazi kwa wazungu, wengine waliwatoa wagonjwa wao hospitali za misheni. Wabelgiji wakashtuka. Miezi mitano tu baadaye, Septemba 1921, alikuwa mikononi mwao. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo. Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadilisha hukumu ikawa kifungo cha maisha, naye akapelekwa mbali kabisa na kwao, gereza la Elisabethville, ambayo leo ndio Lubumbashi, mji wa waswahili wenzetu. Alikaa ndani miaka 30. Akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Piga hesabu: alihubiri kama miezi mitano, akafungwa miaka 30. Kwa akili ya kawaida kanisa lingekufa. Halikufa. Mke wake, Mama Marie Muilu, ndiye aliyelishika kwa siri, na wafuasi waliohamishwa kwa nguvu na serikali kwenda mikoa ya mbali wakaenda nalo huko. Yaani Mbelgiji alidhani anatawanya moto ili uzime, kumbe anauwasha kila alikoutupa.

Mama Muilu alifariki Aprili 1959. Tarehe 24 Desemba mwaka huohuo, miezi michache kabla ya uhuru wa Congo, kanisa likatambuliwa rasmi. Mkuu wake akawa mtoto wa mwisho wa nabii, Joseph Diangienda. Sasa angalieni hapa. Kimbangu alikuwa na watoto wa kiume watatu: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda. Mdogo ndiye aliyeshika usukani, na kaka zake wakamkubali. Dialungana akakaa Nkamba kutunza mji mtakatifu, Kisolokele akaingia kwenye siasa na kuwa waziri katika serikali ya Lumumba. Kila mmoja na kazi yake. Chini ya Diangienda kanisa likajenga shule na hospitali, na mwaka 1969 likapokelewa kwenye Baraza la Makanisa Ulimwenguni, moja ya makanisa ya kwanza yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe kuingia humo. Waumini wakawa mamilioni.

Miaka 33 mambo yakaenda. Halafu ukaja mwaka 1992. Mwezi wa tatu akafariki Kisolokele, mwezi wa saba akafariki Diangienda. Akabaki Dialungana peke yake, naye akashika uongozi akiwa mzee wa miaka 76. Hapo hakukuwa na ubishi, maana mtoto wa nabii aliyebaki ni mmoja, nani atabishana naye? Lakini kila mtu alijua swali limesogezwa mbele tu. Agosti 2001 Dialungana naye akafariki.

Hapo ndipo mtiti ulipoanza. Watoto walikuwa watatu, lakini wajukuu walikuwa 26. Kiti ni kilekile kimoja.

Aliyekaa ni Simon Kimbangu Kiangani, mtoto wa Dialungana. Sapoti yake haikuwa ya cheo tu. Huyu alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1951, siku ileile babu yake alipofia gerezani, na amebeba jina la babu. Kwa waumini wengi hiyo siyo bahati, ni ishara kwamba nabii mwenyewe amerudi. Unaweza kubishana na mwenyekiti wa kamati. Utabishana vipi na mtu ambaye nusu ya kanisa inaamini ni nabii aliyerudi?

Binamu zake wengi hawakukubali. Wao walisema urithi ni wa wajukuu wote kwa pamoja, waongoze kwa kushirikiana, na wakaufupisha msimamo wao kwa hesabu ndogo: 26 = 1. Upande wa Nkamba nao wana hesabu yao: 3 = 1, yaani wale watoto watatu wa nabii ni kitu kimoja, na uongozi umefuata mstari huo hadi kwa aliyepo. Ukisikia mtu wa Kinshasa anasema fulani ni wa tatu na fulani ni wa ishirini na sita, hazungumzii mpira. Anazungumzia kanisa lililopasuka. Kuanzia 2002 wanasali mbalimbali, na familia moja unaweza kukuta dada yuko huku na kaka yuko kule.

NINI KILIHARIBIKA?

Wepesi wa kulaumu watasema wajukuu wana tamaa. Mimi naona kuna mambo matatu, na yote yanatuhusu.

La kwanza ni hesabu za ukoo. Ukirithisha kanisa kwa damu, kizazi cha kwanza unakuwa na warithi wawili watatu wanaojuana toka utotoni, wamekula sahani moja na wameteseka pamoja. Kizazi cha pili ni binamu. Hawakulelewa nyumba moja, mama zao wana mambo yao, na wako wengi. Ukoo unaongezeka kila mwaka, kiti hakiongezeki. Kwa hiyo kanisa la ukoo linaweza likakaa salama miaka 30 au 40 halafu likapasuka, siyo kwa sababu wa leo ni wabaya kuliko wa jana, bali kwa sababu wa leo ni wengi.

La pili ni adui wa nje. Wakati wa Mbelgiji hakuna aliyekuwa na muda wa kugombea kiti, maana mwenye kiti alikuwa anakwenda gerezani. Kanisa likishatambuliwa, likiwa na majengo, magari, shule na sadaka za mamilioni ya watu, kiti kinakuwa kitamu. Hili hata mtaani kwetu lipo. Kanisa likiwa chini ya mwembe hakuna anayegombania mwembe.

La tatu, na ndilo kubwa, ni kwamba utaratibu uliotumika mara ya kwanza haukuwa utaratibu, ulikuwa ni maelewano ya ndugu watatu. Maelewano ni kitu kizuri sana, lakini walioelewana wakishafariki wanaondoka nayo.

WENGINE WALIFANYAJE

Sasa tuhame Congo twende Nigeria. Kuna kanisa linaitwa Redeemed Christian Church of God, hata hapa Bongo lipo. Lilianzishwa 1952 na mzee Josiah Akindayomi, mzee ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Mzee huyu alikuwa na watoto, alikuwa na wasaidizi wa siku nyingi. Lakini aliyemchagua kurithi ni kijana mhadhiri wa hesabu wa chuo kikuu, Enoch Adeboye, ambaye alijiunga na kanisa miaka ya 1970 na kazi yake mojawapo ilikuwa kumtafsiria mzee mahubiri kutoka Kiyoruba kwenda Kiingereza.

Akindayomi hakuishia kumnong'oneza mtu. Aliacha maagizo yaliyofungwa, yakasomwa baada ya yeye kufariki mwishoni mwa 1980, na mwaka 1981 Adeboye akashika uongozi. Msidhani ilikuwa mteremko. Wapo wakubwa ambao hawakupenda kuongozwa na mgeni, na wengine waliondoka. Lakini kanisa halikupasuka katikati, na leo limefika nchi nyingi duniani. Tofauti na kisa cha kufuli mbili ni nini? Kwamba mzee alisema mapema, akasema kwa njia ambayo haiwezi kubadilishwa na mtu aliyekuwa pembeni ya kitanda siku ya mwisho. Wote tunawajua wale mashahidi wa kitandani. Kila mmoja marehemu alimwambia yeye peke yake.

Nigeria hiyohiyo ina mfano wa upande wa pili. TB Joshua, ambaye wengi wetu tulikuwa tunamuangalia kwenye televisheni, alifariki ghafla tarehe 5 Juni 2021 akiwa hajafika miaka 60. Kukatokea mvutano kuhusu uongozi na bodi ya wadhamini, na mwisho mke wake Evelyn ndiye aliyeshika usukani mwaka huohuo. Angalieni neno hilo, bodi ya wadhamini. Nitalirudia.

WAKATOLIKI: SHERIA ILIYOTOKANA NA AIBU

Sasa kuna wenzetu ambao mkuu wao akifariki sisi wote tunakaa kwenye televisheni kuangalia moshi. Papa Fransisko alifariki tarehe 21 Aprili 2025. Makardinali 133 wenye umri wa chini ya miaka 80 wakafungiwa ndani tarehe 7 Mei, akiwemo wa kwetu Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora. Ili mtu ashinde zilihitajika theluthi mbili, yaani kura 89. Siku ya pili tu, tarehe 8 Mei, moshi mweupe ukatoka na dunia ikamjua Papa Leo wa 14. Siku 17 kutoka kifo mpaka kiongozi mpya, kwa kanisa lenye watu zaidi ya bilioni moja. Kanisa letu la watu 200 lilichukua miaka minne na bado.

Watu husema, aah, wale ni Wakatoliki, wako hivyo toka zamani. Si kweli. Utaratibu ule haukushuka kutoka mbinguni ukiwa umeandikwa. Mwaka 1268 Papa alifariki huko Viterbo, Italia, na makardinali wakavutana karibu miaka mitatu bila kuchagua. Wenyeji wa mji wakachoka, wakawafungia ndani, wakawapunguzia chakula, mwisho wakaezua paa la jengo ili mvua iwasaidie kufikiri. Papa aliyepatikana mwaka 1271, Gregori wa 10, ndiye aliyeandika sheria mwaka 1274 kwamba kuanzia sasa mtafungiwa, na mkichelewa chakula kinapungua. Na hata baada ya hapo waliharibu. Kuanzia 1378 mpaka 1417 walikuwa na mapapa wawili kwa wakati mmoja, na kuna kipindi walifika watatu.

Kwa hiyo ule mpangilio tunaoushangaa ni makovu. Kila kifungu cha sheria ile kuna siku watu waliaibika ndipo kikaandikwa. Hii inanipa moyo, maana maana yake hata sisi tunaweza kuandika cha kwetu kutokana na aibu zetu.

Na huku chini nako wana mpango. Askofu akifika miaka 75 anaandika barua ya kuomba kustaafu. Dar es Salaam tuliona: mwaka 2018 aliteuliwa Askofu Mkuu Mwandamizi, Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, akakaa pembeni ya Kardinali Pengo akijifunza jimbo. Agosti 2019 Kardinali akatimiza miaka 75, akastaafu, na Mwandamizi akaendelea palepale. Hakuna aliyeenda dukani kununua kufuli. Papa Benedikto wa 16 yeye alifanya kubwa zaidi, mwaka 2013 alijiuzulu mwenyewe akiwa hai, kwa kusema nguvu zimemwishia. Jamani, ni wachungaji wangapi mnawajua wanaoweza kusema maneno hayo madhabahuni?

WALUTHERI: KURA NA MIPAKA

Kwa ndugu zetu wa KKKT njia ni nyingine. Kanisa lile lenyewe ni matunda ya umoja: tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliyoanzishwa na wamisionari wa nchi tofauti yaliungana kuwa moja. Mkuu wa kwanza alikuwa Askofu Stefano Moshi, akafuata Sebastian Kolowa, kisha Samson Mushemba, kisha Alex Malasusa mwaka 2007. Mwaka 2015 Mkutano Mkuu ukamchagua Fredrick Shoo, na mwaka 2023 ukamrudisha Malasusa. Yaani mtu ametoka, mwingine ameingia, halafu yule wa kwanza amerudi kwa kura, na maisha yanaendelea. Kwa nchi zetu hilo siyo jambo dogo. Wapo marais wa Afrika wangefaa kuhudhuria mkutano huo kama wanafunzi.

Lakini nisiwapambe sana, maana hata wenye katiba wanagombana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Meru watu walipigana, mali zikaharibiwa, kisa ni kutaka kuwa na dayosisi yao badala ya kuwa chini ya Dayosisi ya Kaskazini. Na juzijuzi tu, mwaka 2022, Dayosisi ya Konde iliingia kwenye mgogoro mkubwa uliotokana na makao makuu kuhamishwa kutoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini, mpaka askofu akaondolewa na mwingine akachaguliwa. Mnaona? Ugomvi haukuwa juu ya Yesu. Ulikuwa juu ya makao makuu yako wapi, maana makao makuu ndio ofisi, ajira, heshima na hela.

Na hata pale sheria inapofuatwa kwa kila hatua, umoja unaweza ukakosekana kama watu hawakubaliani kwenye imani yenyewe. Anglikana ndio mfano wa sasa. Mwaka 2003 Wamarekani walimweka wakfu askofu anayeishi wazi na mwanamume mwenzake, na ubishi ukaanza. Februari 2007 wakuu wa Anglikana dunia nzima walikutana hapahapa Dar es Salaam kujaribu kuuzima, haukuzimika. Mwaka uliofuata, 2008, wahafidhina wakaanzisha umoja wao unaoitwa Gafcon. Oktoba 2025 Sarah Mullally akatangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza, na mwezi huohuo Gafcon, ikiongozwa na Askofu Mkuu wa Rwanda Laurent Mbanda, ikasema Canterbury siyo tena kitovu chao. Hapo hakuna aliyeiba kura. Watu wameachana mioyo kwanza, kiti kikawa ni kisingizio tu. Kwa hiyo katiba ni muhimu lakini siyo dawa ya kila kitu.

TURUDI KWETU: HATI IKO KWA JINA LA NANI?

Sasa twende kwenye jambo la msingi ambalo vijana hatulijui, na ndilo linalotuuma baadaye. Kanisa Tanzania kisheria siyo kitu cha hewani. Kuna milango miwili.

Mlango wa kwanza ni Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Kanisa linasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Ili lisajiliwe lazima liwe na katiba. Maana yake kanisa lako lililosajiliwa lina katiba, hata kama hujawahi kuiona. Ipo kwenye faili mahali.

Mlango wa pili ni Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318. Hapo ndipo bodi ya wadhamini inaposajiliwa RITA, na bodi hiyo ndiyo inayoweza kumiliki kiwanja, jengo na gari kwa niaba ya waumini. Mdhamini mmoja akifariki, bodi inabaki. Anawekwa mwingine, na mali haisogei.

Tatizo la makanisa mengi ya mtaani ni kwamba kiwanja kilinunuliwa na mchungaji kwa jina lake. Siyo lazima alikuwa mwizi! Mara nyingi wakati ule kanisa halijasajiliwa, muuzaji anataka kuandikishana na mtu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anataka jina, basi likaandikwa la mzee. Waumini wakachanga, wakajenga, miaka ikapita, hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Siku mzee anafariki, karatasi inasema ni kiwanja chake. Kinaingia kwenye hesabu za mirathi pamoja na nyumba na shamba. Watoto wake wakisema ni cha baba, hawajasema uongo kwa mujibu wa karatasi. Nanyi mkisema tulichanga, nanyi hamjasema uongo. Hapo ndipo kufuli mbili zinapotoka. Kila mtu ana haki yake mkononi na wote wamesimama juani.

Kwa hiyo mdau, bila ugomvi na bila kumwonyesha mtu kidole, uliza haya kwenye kanisa lako:

1. Katiba yetu iko wapi, na muumini wa kawaida anaweza kuisoma?

2. Kiwanja na jengo vimeandikwa kwa jina la nani? Mtu au wadhamini?

3. Wadhamini wetu ni akina nani, na wangapi kati yao ni ndugu wa familia moja?

4. Kiongozi akifariki usiku wa leo, kesho asubuhi nani anakaimu na kwa muda gani?

5. Akaunti ya benki ina saini za watu wangapi?

Ukiuliza utaambiwa una roho ya uasi. Nimeambiwa sana. Jibu lake liko kwenye Biblia yenyewe. Mose alimweka Yoshua mbele ya watu wote akiwa hai, hakungoja kufa. Daudi alichelewa kutangaza, akiwa kitandani Adonia akajitangazia ufalme upande mmoja na Solomoni akapakwa mafuta upande mwingine, na mwisho damu ikamwagika. Samweli, pamoja na utumishi wake wote, aliwaweka wanawe wawe waamuzi, wakala rushwa mpaka watu wakachoka wakaomba mfalme. Na mitume walipotaka kujaza nafasi ya Yuda waliitisha kikao, wakaweka sifa za mgombea, wakapata majina mawili, wakaomba, ndipo wakapiga kura akapatikana Mathiya. Kama kuuliza utaratibu ni uasi, basi mitume nao walikuwa waasi.

KUHUSU MTOTO WA MCHUNGAJI

Najua wapo watakaoniuliza, kwani mtoto wa mchungaji hawezi kuwa mchungaji? Anaweza, na pengine ndiye anayefaa kuliko wote, maana amekua humo ndani, anajua shida za waumini, amekosa usingizi wakati baba yake ameitwa msibani usiku. Simkatai mtoto, ila aingie kupitia mlango ambao na wengine wangeweza kuupita. Akichaguliwa na wazee na washarika kwa utaratibu unaojulikana, atakuwa mchungaji. Akikabidhiwa kama shamba, atakuwa mrithi, na mrithi siku zote ana ndugu zake.

Vilevile tusiwe wepesi wa kuwaonea wajane. Mama mchungaji wengi ndio waliojenga kanisa kwa mikono yao, na mzee akifariki wanafukuzwa hadi kwenye nyumba. Mama Muilu alilishika kanisa la Kimbangu miaka zaidi ya 30 mume akiwa gerezani na kaburini. Bila yeye hao wajukuu 26 wasingekuwa na cha kugombania. Katiba nzuri inasema pia mjane wa mtumishi ataishi wapi na atakula nini. Kama haisemi, usishangae mama akishikilia funguo. Hana pengine pa kwenda.

Nimalizie hivi. Paulo aliwakemea Wakorintho waliokuwa wanajigawa kwa majina ya wahubiri wao, huyu wa Paulo, yule wa Apolo. Wahubiri wote wawili walikuwa bado hai na hawakuwa na ugomvi! Waumini ndio waliojigawa wenyewe. Kwa hiyo tusiwarushie wachungaji lawama zote. Siku ile ya kufuli mbili, sisi vijana ndio tuliobeba kinanda usiku. Mmoja wa waliobeba ni mimi. Mpaka leo sijui nilikuwa namtetea nani.

Kama mzee wako bado yuko hai na ana nguvu, huu ndio wakati wa kuuliza. Akishalala itakuwa ni mirathi.

Karibuni na maoni. Tuambiane kwenu mlifanyaje, hasa pale ambapo mambo yalikwenda vizuri, maana hizo habari hazisikikagi. Matusi hapana, na majina ya watu wa mtaani msiyataje.